Belo la Vidonge

Sitara binti Safari anauza nguo za vichanga pale Mchikichini mwaka wa kumi na moja huu, na ukitaka mgombane mwambie yeye ni mwoga. Atakutolea macho! Atakwambia kazaliwa Ilala hii hii, kalelewa na bibi yake, kaolewa na Mudi mkaanga samaki wa Feri, na hajapata kumwogopa mtu. Ni kweli, watu hawaogopi. Mgambo wakija kusukuma meza, sauti ya kwanza kupanda ni yake. Lakini zile nguo anazouza, vishati vya kufunga kwa kamba, soksi zinazoenea kidole gumba, hajapata kupeleka hata moja nyumbani kwake. Wakati wa habari hii alikuwa na mimba ya tatu, na chumbani kwake hamkuwa hata na kitambaa cha kumfutia mtoto mate.

Usimcheke. Mimba ya kwanza ilimfikisha mwezi wa saba. Kichwa kikaanza kumgonga asubuhi, akasema ni jua. Mchana akaona nyotanyota, akasema ni njaa. Alasiri akaanguka juu ya nguo zake mwenyewe, akatetemeka mpaka meza ikapinduka. Alipozinduka ilikuwa siku ya tatu, yuko wodini, ulimi umevimba kwa kujing'ata, tumbo limelala. Kifafa cha mimba, wakamwambia. Mtoto alikwisha kuzikwa, Mudi ndiye aliyemzika, na Sitara hakumwona hata unyayo. Ya pili ikatoka changa kabisa. Watu walimwambia Mungu atakupa mwingine, na nia yao ilikuwa njema, ila nia njema haimwondolei mtu tumbo joto.

Basi hii ya tatu aliificha ndani ya dera. Waliojua ni wawili tu, Mudi na Severa.

Severa ni jirani yake wa meza. Mchaga wa Marangu, mrefu, kicheko chake unakisikia toka upande wa viatu. Mume wake Elimringi ana duka la mabomba na vyoo huko Mchafukoge. Walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka kumi na miwili bila mtoto, na Severa alikuwa amekwisha kuacha hata kuhesabu siku zake. Mara, akiwa na miaka thelathini na nane, huyo naye! Alimpita Sitara kwa wiki mbili tu. Siku waliyoambiana walicheka mpaka mteja mmoja akaondoka na kofia bila mtu kumwona.

Kliniki walienda pamoja. Huko ndiko walikokutana na Sista Euphrasia, muuguzi wa utafiti, mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Aliwaketisha, akawasomea karatasi kurasa sita taratibu, asiruke hata mstari. Kuna dawa, alisema, inayolegeza damu kidogo, na madaktari wanataka kujua kama inaweza kumkinga mama na ile presha ya mimba inayoleta kifafa. Wanawachukua kina mama walio kwenye hatari zaidi. Sitara kwa sababu imewahi kumpata, Severa kwa sababu ya umri na uzazi wa kwanza. Kila mmoja atapewa kopo lenye namba yake, kidonge kimoja kila jioni.

"Nusu yenu mtapata dawa," Sista akasema, "na nusu mtapata kidonge kitupu, kinafanana nacho lakini ndani hamna dawa. Mimi sijui nani kapata kipi. Daktari hajui. Kompyuta ndiyo imepanga. Na tafadhalini sana, usimpe mtu kidonge chako. Na ukitaka kujitoa, unajitoa siku yoyote, hakuna atakayekununia."

Maneno yote hayo Sitara aliyasikia. Lililobaki kichwani ni moja, nusu.

Alitoka pale na kopo namba arobaini na nane, Severa na arobaini na saba. Wiki nzima hakupata usingizi. Kila akikimeza anajiuliza, hiki ni dawa au chokaa? Anakitazama juani. Anakilamba. Anakinusa! Mudi akamwambia, mke wangu, utakuja kukiuliza jina. Yeye hakucheka. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Sitara alikuwa ameshatafunwa.

Sasa uelewe jinsi watu wa Mchikichini wanavyonunua mzigo. Belo linakuja limefungwa kwa mikanda, limebanwa gumu kama jiwe. Huruhusiwi kulifungua kabla ya kununua. Linaweza kuwa na gredi ya kwanza tupu, linaweza kuwa na matambara ya kudekia. Ukinunua peke yako na likawa baya, umekwisha. Ndiyo maana wanachangia wawili. Wanakata mikanda, wanamwaga kwenye turubai, wanachagua kwa zamu, moja yako, moja yangu. Likiwa zuri mmepata wote, likiwa baya mmekula hasara nusu nusu, na kesho kila mtu yupo mezani kwake. Sitara na Severa hawajafungua belo kila mtu na lake tangu walipojuana.

Basi asubuhi moja, soko halijachangamka, Sitara akatoa kopo lake akaliweka juu ya meza.

"Dada Severa, hili nalo ni belo."

"Belo vipi tena?"

"Hujui ndani kuna nini. Katika mimi na wewe, pengine mmoja ana gredi ya kwanza, mwingine ana matambara. Tangu lini tukafungua kila mtu la kwake?"

Severa akamtazama. "Sista kasema usimpe mtu."

"Simpi mtu. Nagawana na wewe."

Severa akaanza kucheka kile kicheko chake, halafu akauona uso wa mwenzie na kicheko kikamwishia kinywani.

"Haya mdogo wangu," akasema. "Mwaga."

Wakavimwaga kwenye sahani ya plastiki, vyeupe, vidogo, vimefanana kama mapacha. Wakavikoroga kwa kidole, wakachagua kwa zamu, kimoja chako, kimoja changu, mpaka makopo yakajaa tena. Kila mwezi wakafanya hivyo. Sista Euphrasia akihesabu vilivyobaki, hesabu inakuja sawasawa, anawasifu. Mtu mwenye akili ya hospitali hapa atashika kichwa, na ana haki. Lakini wale wawili walidhani wamefanya la busara kuliko yote, na Sitara usingizi ukarudi.

Mimba zikakua. Severa akafika wiki ya thelathini na mbili, Sitara ya thelathini.

Jumanne moja asubuhi walifungua belo la nguo za vichanga, na lilikuwa zuri ajabu. Severa akaokota kikofia cha sufu, cha njano, kidogo kama cha kuvikwa ngumi, akakiweka pembeni kwenye mkoba wake.

"Rudisha hicho," Sitara akamwambia. "Mtoto hawekewi nguo kabla hajaja."

"Niache na wewe na mambo yenu ya pwani." Severa akatabasamu, kisha akajishika paji la uso. "Hebu nisomee hii lebo, imeandikwa miezi mingapi? Herufi zinaruka."

Sitara akaacha kuchambua nguo. "Zinaruka vipi?"

"Zinaruka tu. Kuna kama vimulimuli. Na kichwa hiki, toka alfajiri kinanigonga, nadhani ni hili jua."

Jua! Ni neno lile lile. Sitara akaziona tena nguo zinamwagika, meza inapinduka. Akatazama miguu ya mwenzie, na ndani ya kandambili ilikuwa imejaa mpaka mikanda imezama. Alikuwa hajaitazama kwa wiki nzima, kwa sababu kila siku alikuwa akiitazama ya kwake.

Akapiga yowe. Sijui alilia nini, lakini upande mzima wa nguo za watoto ukasimama, na bajaji ikaletwa mpaka katikati ya meza, mahali bajaji haijawahi kufika. Njiani Severa alikuwa bado anasema, punguza kelele Sitara, unanipasua kichwa. Walipofika mlangoni mwa hospitali akanyamaza. Macho yakageuka juu, taya likakaza, mwili wote ukaanza kutetemeka. Sitara kwa mara ya kwanza alikiona kwa nje kile kitu kilichompata yeye kwa ndani. Akasimama pale na mkoba wa Severa kifuani, hawezi hata kusema bismillahi.

Wakamchukua mbio kwenye kitanda cha magurudumu. Sista Euphrasia akaitwa, akaja anakimbia, miwani inaning'inia. Daktari aliyekuwa zamu, kijana mmoja anaitwa Anuari, alikuwa ameshampiga sindano ya kutuliza kifafa.

"Tunampasua sasa hivi," Sitara alimsikia akisema. "Anameza dawa gani?"

"Yuko kwenye utafiti wetu," Sista akajibu. "Napiga simu wafungue namba yake tujue kama ni dawa au kidonge kitupu."

"Fanya haraka. Kama damu yake imelegezwa, sindano ya ganzi ya mgongoni simpigi, isije ikamvujisha damu, namlaza usingizi kabisa, na nataka damu ya akiba."

Mtu mwingine aliyekaa kwenye benchi la mlangoni pale angesikia maneno ya madaktari tu. Sitara alisikia hukumu. Wakifungua namba arobaini na saba na kompyuta ikasema ni kitupu, watamchoma Severa mgongoni wakijua hana dawa, kumbe dawa anayo, ya Sitara, nusu nzima. Akijitokeza kusema, atafukuzwa kwenye utafiti, na vidonge vyenyewe ndivyo vinavyomfanya alale. Pengine watamfunga, nani anajua, utafiti wa watu wakubwa kauharibu yeye muuza soksi.

Na hapo hapo ndipo alipofika Elimringi. Alikuja na vumbi la duka nywele nzima, akamshika Sitara mikono yote miwili.

"Shemeji, wameniambia ni wewe uliyemleta. Bila wewe leo ningekuwa sina mke. Mungu akubariki, shemeji."

Loo! Angempiga kofi ingekuwa nafuu. Bibi yake Sitara alikuwa na neno lake, mficha uchi hazai, na miaka yote Sitara alidhani ni la kuwatania wari. Akajikaza kisabuni. Mikono yake ikiwa bado ndani ya mikono ya Elimringi, akaita.

"Sista! Msifungue yake peke yake. Tulichanganya."

Sista Euphrasia akageuka na simu sikioni. "Mlichanganya nini?"

"Vidonge. Vyangu na vyake. Tulimwaga pamoja tukagawana. Ni mimi niliyemwambia. Yeye hakutaka."

"Tangu lini?"

"Tangu kopo la kwanza."

Sista alifumba macho kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Hakugomba. Daktari Anuari ndiye aliyesema, "Fungueni zote mbili. Weka simu sauti ya juu."

Wakangoja. Mahali fulani mtu alikuwa anabofya kompyuta, na Sitara akaomba, akaomba vyote viwe vitupu, au vyote viwe dawa, pasiwe na kudhulumiana. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu, kavu, ya kusoma.

"Arobaini na saba, dawa. Arobaini na nane, kidonge kitupu."

Daktari akaingia ndani akiwa anatoa amri. Mlango ukafungwa. Elimringi aliielewa ile habari polepole, Sitara aliiona ikimwingia usoni. Hakupiga kelele. Aliitoa mikono yake, akaenda kusimama peke yake kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, akampa Sitara mgongo.

Sitara akabaki kwenye benchi. Saa nzima, zaidi. Alikuwa amemnyonya Severa nusu ya kinga yake kila siku ya Mungu, kwa miezi minne, huku akimwita dada.

Sista Euphrasia alirudi akiwa amelowa jasho. Mama yu hai. Amelazwa kwenye uangalizi, presha bado iko juu. Mtoto ni wa kike, njiti, kilo moja na robo hivi, anapumua kwa kusaidiwa.

"Sista," Sitara akasema, "angevimeza vyote vya kwake, asingeumwa?"

"Sijui."

"Daktari anajua?"

"Hakuna anayejua, Sitara. Tungekuwa tunajua, tusingekuwa tunafanya utafiti." Akavua miwani akaifuta. "Kuna mama anameza dawa yote na inampata. Kuna mama hamezi kitu na inampita. Pengine ingemkinga, pengine isingemkinga. Siwezi kukudanganya."

Halafu akamfunga mkanda wa presha mkononi, akampima. Presha ilikuwa nzuri, kwa siku hiyo. Akalichukua kopo namba arobaini na nane, akaandika kila kitu kwenye faili kama kilivyokuwa, akamwambia hakuna wa kumfunga, lakini vidonge ndiyo basi. Atakuja kupimwa mara mbili kwa wiki mpaka ajifungue. Sitara akarudi nyumbani bila hata kile kidonge kitupu cha kumdanganya.

Siku mbili hakwenda sokoni wala hospitali. Alikaa kitandani akiitazama miguu yake. Kikofia cha njano kilikuwa kwenye mkoba wa Severa, na mkoba ulikuwa kwenye kiti, na alishindwa kuufungua, akashindwa kuupeleka. Mudi akamletea mchuzi, akamwambia, Sitara, nenda kamwone mwenzio. Akasema ataenda kesho. Kila kichwa kikimgonga kidogo anajishika paji la uso, anafumba macho, anayafumbua, anangoja vimulimuli.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikaita. Elimringi.

"Severa anakuita," akasema, akakata.

Alikwenda. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na alipofika wodini yote yakamtoka. Severa alikuwa amelala chali, uso umemvimba, mikono yote miwili imefungwa mipira ya dripu. Pembeni Elimringi amekaa shati wazi, na juu ya kifua chake chenye nywele, chini ya kitenge, kimelala kitu kidogo mno. Alikuwa amembeba hivyo tangu jana, ngozi kwa ngozi, kangaruu wanaita, maana mtoto njiti joto lake ni la mwili wa mtu. Macho yalimwiva kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo shemeji," Sitara akasema.

Elimringi hakuitikia haraka. "Marahaba," akasema mwishowe.

Severa akageuza kichwa. Sauti ilikuwa imebaki robo. "Umeleta mkoba wangu?"

Sitara akauinua. Severa akasema toa kofia. Akaitoa. Miaka kumi na moja nguo za vichanga zinapita mikononi mwake, na alikuwa hajaona kofia ndogo kuliko ile. Elimringi akafunua kitenge, wakamvisha mtoto. Ikamfunika mpaka puani, ikabidi wakunje mara mbili.

"Wameniambia vidonge vyangu ndivyo vilivyokuwa vya kweli," Severa akasema.

"Najua, dada."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Niliwasikia wakisoma." Machozi yakaanza kumdondoka Sitara kwenye dera na hakuyafuta. "Nisamehe. Niliogopa. Nilikuwa najiogopea mimi tu, wewe sikukuona."

Mashine ya kitanda cha jirani ilikuwa inalia, muuguzi akaja akaizima. Elimringi alikuwa anatazama sakafu.

"Huyu baba yake hajalala siku mbili," Severa akasema. "Mimi mikono haina nguvu, hawaniruhusu kabla presha haijashuka. Mama yangu atafika kesho kutoka Marangu. Sista Euphrasia kasema mtu yeyote mwenye joto anafaa. Kaa kwenye kile kiti. Fungua dera."

Sitara akadhani hakusikia sawasawa. "Mimi?"

"Nani mwingine?"

Sista Euphrasia alikuja mwenyewe, akamwegemeza kwenye mto, akamfungulia vifungo. Elimringi akasimama. Alisita mbele ya Sitara, mtoto mkononi, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akainama akamlaza binti yake kifuani mwa Sitara, kati ya maziwa, juu kidogo ya tumbo. Alikuwa mwepesi kama kifurushi cha soksi. Alikuwa wa moto. Mbavu zake zilipanda na kushuka, zikasimama, moyo wa Sitara ukasimama nao, zikapanda tena.

Chini yake, tumboni, wa Sitara mwenyewe akapiga teke. Hana dawa, hajawahi kuwa nayo ila ile ya kugawiwa, na wiki kumi bado. Sitara akaogopa kwa ajili ya wote wawili kwa pamoja.

"Ninaogopa, dada," akasema.

"Najua," Severa akajibu, akafumba macho. "Basi mshike vizuri."